Herufi za Kadi ya Harusi

Kama una mtoto anayechora ramani za nyumba, kabla hujamsifu kwa mwandiko wake mzuri, mwambie kwanza autoe nje juani. Kanini wa Kanyangi hakumwambia binti yake hivyo. Neno lilimfika mdomoni, likarudi.

Ilikuwa Jumamosi. Kanini alikuwa uani anapepeta ndengu, na Mutindi amekaa kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani. Mutindi alikuwa mchoraji katika ofisi ndogo ya ramani kule Kibwezi, ofisi ya Bwana Kahiga, mtu wa kutoka Nyeri aliyekuja kutafuta kazi barabara ya Mombasa na kazi ikamshika asirudi. Sasa alikuwa amepewa mradi wa kwanza wa jina lake mwenyewe, na mradi ulikuwa wa nyumbani: tangi la maji la kanisa lao.

Tangi lingejengwa chini ya ardhi, kando ya kanisa, maji ya mvua yateremke kutoka kwenye mabati yaingie humo. Juu yake kungekuwa na slabu pana ya zege, na juu ya slabu hiyo watoto wa Sunday school wangeketi wafundishwe, maana darasa hawakuwa nalo na kivuli cha kanisa huangukia hapo asubuhi yote.

"Mwaitu, njoo uniamulie," Mutindi akasema. Mwaitu ndivyo mtoto wa Kikamba anavyomwita mama yake, hata akiwa mkubwa na ana kitambulisho. "Kuchora nimemaliza. Imebaki kuchagua mwandiko. Huu ama huu?"

Kanini akajipangusa mikono kwa leso, akainama. Ramani zilikuwa mbili, zote sawa, ila maneno ndiyo yalikuwa tofauti. Moja ilikuwa na herufi zilizosimama wima, nene, zisizo na maringo, kama zile za pakiti ya unga. Nyingine ilikuwa na herufi nyembamba zilizolala upande, zenye mikia, za rangi ya kijivu, kana kwamba zimeandikwa kwa kalamu ya risasi na mtu ambaye hana haraka.

"Hizi za unga naziona," Kanini akasema.

"Na hizi zingine?"

"Hizi zingine ni maridadi."

"Sikukuuliza kama ni maridadi, mwaitu."

"Mimi nimekwambia ni maridadi. Kuziona ni maneno mengine, na labda ni macho yangu. Mimi niliachia darasa la nane, wewe ndiye unajua hayo."

Mutindi akacheka. "Pasta Kaloki anataka kitu cha kupendeza, ataipeleka kwa wafadhili huko Makindu. Na bosi wangu anapenda hizi, anasema ramani iwe na mkono wa msanii."

"Na hapa kando ya nguzo umeandika nini?" Kanini aligusa kioo kwa kidole chenye vumbi la ndengu.

"Maelezo ya fundi. Usiguse, utaniachia alama."

Akabonyeza, zikabaki zile maridadi. Kanini akarudi kwa ungo wake. Tumbo lilimkaza kidogo. Lakini tumbo la Kanini, kama kijiji chote kilivyojua, lilikuwa likikaza kwa mambo mengi, kwa simu ikipigwa asubuhi sana, kwa mtoto akikohoa, kwa mbuzi akichelewa kurudi, kwa hivyo alilizoea na mara nyingi hakulisikiliza.

Ramani ilipokuja kutoka Kibwezi ilikuwa karatasi kubwa kama meza. Ikatundikwa kanisani, watu wakapita mbele yake baada ya ibada kama wanaoaga maiti, polepole, mikono nyuma.

"Hii si ramani, hii ni kadi ya harusi," akasema Kavindu. Kavindu alikuwa rika la Kanini, mwenyekiti wa mwethya, yaani kile kikundi cha kazi ya kusaidiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Alikuwa mama wa sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni, na harusi alikuwa nayo kichwani kwa sababu mwanawe Musembi alikuwa anaoa mwezi huo. "Mama Mutindi, umezaa mchoraji. Mwambie kadi ya Musembi aiandike yeye."

Kanini alitembea kurudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa lazima ujue jinsi mwethya ya Kanyangi inavyofanya kazi, maana hapo ndipo mambo yalipopindia. Kikundi kina sehemu tatu. Kuna wa kuchimba na kubeba mawe, kuna wa mbao, kuna wa mchanga na maji. Na kila sehemu inataka karatasi yake mkononi. Hakuna sehemu inayokubali kuelezwa kazi yake kwa mdomo na sehemu nyingine. Jambo hilo lilianza zamani wakichimba makinga maji mashambani, mtu mmoja akabadilisha mstari kwa maneno tu, mtaro ukapita katikati ya mahindi ya mwenzake, na watu wakakaa bila kusalimiana mpaka mavuno. Tangu hapo, mwethya inafuata karatasi.

Kwa hivyo Kavindu alibeba ile ramani kubwa mpaka saiba ya Jonah, kile kiduka cha kompyuta na kopi pale sokoni. Jonah akaipunguza ikawa karatasi ndogo ya kawaida. Ile ndogo ikatolewa kopi, kopi nayo ikatolewa kopi, kisha Kavindu akachukua makasi akakata, kila sehemu ikapata kipande chake cha kukunja na kutia mfukoni. Ile kubwa yenyewe Pasta Kaloki akaitia fremu ya kioo, akaondoka nayo kwenda Makindu kuwaonyesha wafadhili. Ilikuwa maridadi mno kubaki kwenye vumbi.

Na kitu kingine cha kujua ni mbao. Nguzo za kushikilia slabu wakati zege halijakomaa hazinunuliwi. Kila nyumba inaleta zake, na kila nguzo ina alama ya mwenyewe, mwingine ameikata pengo, mwingine ameifunga waya mwekundu. Kazi ya nyumba moja ikiisha, nguzo zinahamia kwa mwenye zamu. Baada ya kanisa, zamu ilikuwa ya Kavindu, ajenge kibanda cha kukalisha wageni wa harusi.

Wakachimba, wakajenga kuta kwa mawe, wakasimamisha nguzo ndani ya tangi, wakatandika mbao na vyuma. Siku ya kumwaga zege kijiji kizima kilikuwa pale, ndoo zikipita mkono kwa mkono na nyimbo juu yake. Fundi Mwau, mtu mkimya aliyejenga matangi mengi huko mpaka Mutomo, akalainisha uso wa slabu mpaka ukang'aa. Wakauacha unyweshwe maji asubuhi na jioni.

Wiki ikapita. Alhamisi asubuhi Kanini alikuwa anapita kwenda shambani, jembe begani, akasikia nyundo. Haikuwa nyundo ya juu. Ilikuwa inalia chini kwa chini, kama mtu anagonga ndani ya mtungi.

Akageuka akaenda. Kavindu alikuwa amesimama kando ya tangi na wanawake kadhaa, na Fundi Mwau ameketi juu ya jiwe. Nguzo moja, ya waya mwekundu, ilikuwa imekwisha kutolewa, imelala kwenye nyasi.

"Mnatoa nguzo?" Kanini akauliza.

"Tunatoa nguzo," Kavindu akajibu. "Kwani ulidhani tumezipanda zichipuke?"

Wanawake wakacheka.

"Nani yuko ndani?"

"Musembi. Harusi ni yake, acha atoe jasho."

"Fundi, si ni mapema?"

Fundi Mwau hakukasirika. "Mama Mutindi, matangi yote nimejenga huku nguzo zinatoka kwa wiki. Na karatasi yangu haijaniambia kitu kingine." Akatoa mfukoni kipande chake, kile cha sehemu ya mbao, akakikunjua juu ya goti. Nguzo zilikuwa zimechorwa wazi kabisa, mistari myeusi iliyosimama kama meno ya kitana. Kando yake palikuwa peupe.

Kanini akapatazama pale peupe. Akakiona kidole chake mwenyewe, chenye vumbi la ndengu, kikigusa kioo.

"Hapa palikuwa na maneno," akasema.

"Wapi?"

"Hapo kando ya nguzo. Niliyaona kwa kompyuta ya Mutindi."

"Yalikuwa yanasema nini?" Fundi akauliza.

"Sikuyasoma."

Kavindu akapiga makofi mara moja. "Basi. Umeyaona lakini hukuyasoma. Labda yalikuwa yanasema karibuni nyote."

Walicheka tena, na safari hii hata Fundi alitabasamu. Tumbo la Kanini likakaza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akalisikiliza. Hakujua slabu inajishika vipi. Hakujua zege linakomaa kwa siku ngapi. Alijua tu kwamba binti yake si mtu wa kuandika maneno ya bure, na kwamba mahali palipokuwa na maneno sasa hapana.

Akasogea mpaka kwenye mlango wa tangi. Ulikuwa tundu la mraba kwenye pembe, juu ya ukuta, lenye nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Musembi," akaita kwa upole, "hebu toka kidogo mwanangu, nikuulize kitu cha harusi."

Nyundo ikanyamaza. Musembi akapanda ngazi, akatokeza kichwa, mabega, akatoka nje, kijana wa watu, nywele zimejaa vumbi la mbao. "Naam, auntie?"

Kanini akaweka ile mbao ya kufunikia tundu mahali pake, akatandika leso juu, akaketi.

"Ni nini hicho unauliza?" Musembi akasema.

"Nimesahau. Nikikumbuka nitakwambia."

Kavindu akamsogelea. "Mama Mutindi, ondoka hapo."

"Sitoki."

"Kanini." Sasa alimwita kwa jina, kama walipokuwa wasichana. "Wageni wangu watakaa juani kwa sababu ya tumbo lako?"

"Wakae juani. Jua halijawahi kumwangukia mtu kichwani."

Wanawake wakaguna. Kanini mwenyewe alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. Akatoa simu kifuani akampigia binti yake, akaweka sauti ya nje.

"Mwaitu? Kuna nini?" Mutindi alikuwa ofisini, Kibwezi, magari yalikuwa yanasikika nyuma yake.

"Pale kando ya nguzo za tangi uliandika nini?"

"Kwa nini?"

"Nisomee kwanza."

Mutindi akasoma taratibu: "Nguzo za ndani zisiguswe mpaka mwenye mchoro afike apime. Slabu hii haina nguzo ya kudumu katikati." Kisha akauliza, na sauti imebadilika, "Nani anazigusa?"

"Ilikuwa ni Musembi. Nimekalia mlango."

Fundi Mwau akasimama kutoka kwenye jiwe. "Mutindi, ni Mwau. Unasema haina nguzo ya kudumu katikati, hiyo naona. Lakini matangi yetu yote hayana."

"Ni kweli fundi. Lakini hayo ni madogo, slabu yake inajishika haraka. Hii ni pana karibu mara mbili. Nilitaka maji mengi yaingie, nikaongeza vyuma, lakini inahitaji kukaa zaidi kabla ya kujibeba. Ndiyo maana niliandika."

Fundi akakitazama kipande chake cha karatasi mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Mimi sikatai," Kavindu akasema, na sasa hakuwa na mzaha. "Lakini hiyo ni sauti. Mwethya inafuata karatasi. Leo nikifuata sauti ya mtoto wa Kanini, kesho nitaambiwa nifuate sauti ya mtoto wa fulani. Karatasi tuliyopewa haina hayo maneno."

"Mama Musembi ako sawa," Mutindi akajibu. "Nipigie picha ya hiyo karatasi, nione vile iko."

Kavindu akapiga picha, akaituma. Wakangoja.

"Maneno yamepotea yote," Mutindi akasema mwishowe. "Mistari imebaki kwa sababu ni minene. Maneno yangu yalikuwa membamba na ya kijivu, na yamepunguzwa, na yametolewa kopi mara mbili. Mashine imedhani ni uchafu wa karatasi ikayafuta. Na nyinyi mngejuaje? Neno likiandikwa vibaya mtu atauliza. Likikosekana, atauliza nini?"

Musembi alikuwa ameketi chini, anapangusa nyundo kwa mkono.

"Naandika upya sasa hivi," Mutindi akaendelea. "Lakini safari hii mwandiko mnachagua nyinyi. Mama Musembi, nakutumia maneno yale yale kwa fonti nne, yaani miandiko minne. Simama juani. Usikuze picha kwa vidole. Usivae miwani. Nyoosha mkono."

"Miwani sina."

"Vizuri kabisa."

Simu ya Kavindu ikalia. Akatoka kivulini mwa kanisa akasimama juani, mkono umenyooka, macho ameyabana. Wanawake wakamzunguka.

"Ya kwanza ni ile ya kadi ya harusi," akasema. "Hapa sioni kitu. Naona utando wa buibui."

"Toa hiyo. Ya pili?"

"Ya pili imesimama vizuri, lakini herufi zimebanana kama watu kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Huwezi kujua nani yuko mbele ya nani."

"Toa. Ya tatu?"

"Ya tatu ni nene," akasema mmoja wa wanawake. "Hiyo naiona hata nikiwa pale."

"Unaiona, lakini isome," Kavindu akamwambia. Mwanamke akajaribu, akakwama. Herufi zilikuwa nene hadi matundu yake ya ndani yameziba, zote zimekuwa vibonge.

"Hizo zikitolewa kopi zitaziba zaidi," Mutindi akasema. "Ya nne?"

Kabla Kavindu hajajibu, sauti ya mwanamume ikasikika ndani ya simu, nyuma ya Mutindi. "Hiyo ya nne usiniwekee kwa ramani za ofisi yangu. Hizo ni herufi za mfuko wa sukari."

"Huyo ni nani?" Kavindu akauliza.

"Ni bosi wangu, Bwana Kahiga."

"Bwana Kahiga, habari ya Kibwezi."

"Nzuri, mama."

"Wewe umewahi kushindwa kusoma mfuko wa sukari?"

Kicheko kirefu cha mtu mzima kikatoka kwenye simu. "Sijawahi, mama. Lakini ramani ni kazi ya sanaa pia. Wateja wataona ofisi yangu haina ladha."

"Bosi," Mutindi akasema, na Kanini aliisikia ile sauti yake ya utotoni, ya siku alizokataa kulala kabla ya kumaliza hesabu, "ramani yetu maridadi iko kwa kioo Makindu. Inayojenga tangi ni hii ya mfukoni, na imefika ikiwa tupu. Urembo wa kuchora nitauweka kwa mistari. Maneno yatakuwa ya kusomwa. Nimeyaweka wima, meusi kabisa, yameachana, na hata tukiipunguza ramani hayatakuwa madogo kuliko ya Biblia."

"Biblia ya nani? Kuna Biblia za mfukoni," Kahiga akasema.

"Ile ya mbele ya kanisa."

Wanawake wakacheka, na Kahiga akacheka pia. "Endelea. Nami nakuja kesho na gari. Nataka kuiona hiyo slabu."

"Mama Musembi," Mutindi akasema, "usiniamini bado. Naituma kwa Jonah. Nenda uifanye vile mlifanya ile ya kwanza. Punguza, toa kopi, toa kopi ya kopi, ukate. Ndiyo usome."

Kavindu akafunga leso kiunoni akaondoka kwa mguu kuelekea sokoni. Kanini akabaki juu ya mlango wa tangi. Jua lilipanda. Mmoja wa wanawake akamletea uji kwenye kikombe.

"Mama Mutindi, unaweza kutoka sasa," Fundi Mwau akamwambia. "Mimi siwezi kumruhusu mtu aingie."

"Najua, fundi. Nimezoea hapa."

Musembi akasogea karibu. Alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Auntie, ile nguzo niliyotoa ilinisumbua. Kule kwenye tangi la Mzee Mutiso tulikuwa tunazitoa kwa teke. Hii nimeipiga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Ni kama slabu ilikuwa imeikanyaga."

Fundi alikuwa amesikia. Akageuka akaitazama slabu, kisha akamtazama Musembi, na akavua kofia yake akaanza kuikunja.

Kavindu alirudi na vipande vitatu, kila kimoja kimekatwa kwa makasi. Vilikuwa na mistari ya vumbi ya mashine ya Jonah, na kona moja ilikuwa imefifia. Lakini maneno yalikuwa yamesimama pale, meusi, kila herufi na nafasi yake, kama watoto wa shule kwenye gwaride. Hakumpa mtu kipande. Alinyoosha mkono, juani, bila miwani, akasoma mwenyewe, kwa sauti ile isiyohitaji maikrofoni.

"Nguzo za ndani zisiguswe mpaka mwenye mchoro afike apime." Akapumua. "Mtu asiingie ndani ya tangi." Hilo Mutindi alikuwa ameliongeza. "Slabu hii ikianguka, itamwangukia aliye ndani." Na hilo pia.

Sentensi ya mwisho ilimtoka kwa nusu ya sauti yake. Akamtazama mwanawe aliyekuwa na nyundo mkononi na vumbi la mbao kichwani. Alikunja karatasi vizuri, akaitia kifuani, akaja mpaka kwenye mlango wa tangi.

"Sogea," akamwambia Kanini.

Kanini akasogea, na Kavindu akaketi kando yake juu ya ile leso. Wakakaa hapo bega kwa bega.

"Ungeniambia mapema kwamba ni kweli," Kavindu akasema.

"Sikujua kama ni kweli."

"Na ulikaa hivyo hivyo?"

"Nilimjua aliyeandika."

Kesho yake Mutindi na Bwana Kahiga walifika kwa pikapu, nyuma yake nguzo za chuma za kukodi. Hawakumwacha mtu aingie. Mutindi alilala kifudifudi kwenye mlango na tochi, akaangaza chini ya slabu kwa muda mrefu. Pale nguzo ya waya mwekundu ilipokuwa imetolewa kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umeanza kutembea kuelekea katikati. Alimwita Fundi Mwau akamwonyesha. Fundi akalala kifudifudi naye, akatazama, akainuka.

"Zingetolewa nguzo mbili zaidi za katikati, slabu ingeshuka yote," akasema.

Wakapitisha kwanza nguzo ya chuma kutoka mlangoni, wakaisukuma kwa ngazi ndefu mpaka chini ya ule ufa, wakaikaza kwa kuvuta, wakiwa nje, kamba iliyofungwa kwenye mpini wa skrubu yake. Ndipo Mutindi akaingia mwenyewe. Kanini alitaka kumshika nguo. Alishika ukingo wa mlango badala yake, akaona mwanga wa tochi ukizunguka humo ndani, akamsikia binti yake akigonga hapa na pale na kuzisema namba kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

"Imesimama, mwaitu. Iacheni mpaka niseme."

Wageni wa harusi ya Musembi walikaa chini ya turubai la kuazima, lililopulizwa na upepo mpaka likamfunika mpiga kinanda. Kavindu hakulalamika, ila kidogo. Nguzo za tangi zilitolewa baadaye sana, Mutindi akiwa amesimama hapo na kile kipande cha karatasi mkononi, na zikatoka kwa teke. Mvua ya Novemba ilipokuja, maji yakateremka kutoka kwenye mabati usiku na mchana, na Jumapili iliyofuata watoto waliketi juu ya slabu wakaimba, na Kanini alikaa kanisani karibu na dirisha la upande huo. Tumbo lilikaza kidogo, kama kawaida yake. Kisha likaachia.

Ile ramani kubwa ilirudi kutoka Makindu ndani ya kioo chake. Pasta Kaloki akauliza itundikwe wapi. Kavindu akamwambia aitundike kwa ofisi yake, pale penye picha za harusi. Ile ya kazi waliitia kwenye mfuko wa nailoni wakaitundika kwa msumari stoo, kila mtu aifikie.

Kwa hivyo ukiwa na mtoto wa kuchora, usimwulize kama maandishi yake yanapendeza. Mwulize yatapita wapi kabla ya kumfikia mwenye nyundo. Yatapunguzwa na nani, yatakatwa na nani, yatakunjwa mfuko gani wenye jasho, na yatasomwa na macho ya nani saa sita mchana. Mwandiko unaofika mwisho wa safari hiyo ndio mwandiko wa ramani. Mwingine ni wa kadi.

Siku hizi Mutindi akimaliza ramani yoyote, iwe ni nyumba ya Makindu au stoo ya vitunguu pale Kibwezi, huituma kwa Jonah. Jonah anaipunguza na kuitoa kopi ya kopi, na Kavindu anaikata kwa makasi yake na kuisomea juani, nje ya saiba, watu wakipita wanamsalimia. Kukiwa na neno lisiloonekana, anapiga simu Kibwezi bila hata kusalimia.

Na inasemekana Bwana Kahiga, ambaye bado hapendi zile herufi za sukari, hatii sahihi kwenye ramani ya ofisi yake kabla ya kuuliza, miwani imeshuka puani, "Hii imepita Kanyangi?"